Nani Kaonja Mtungi wa Sitan?

"Fungua mdomo, Nyele! Toa ulimi tuuone!" Sitan alifoka.

"Sitoi." Nyele, jirani wa ukuta kwa ukuta, alijibu huku kajiziba mdomo kwa pembe ya kitambaa. "Ulimi nimepewa na Mungu, sikuazima kwenu kina Traore."

"Mla kunde mkubwa wewe! Kina Diarra wote mna hatia tangu tumboni!"

Huo ndio utani wa koo zao, lakini leo Sitan hakuwa anatania. Alfajiri alikuta kawa la mtungi wake wa nili, ile rangi ya buluu ya vitambaa, limesogezwa, na ukingoni alama ya kidole kimoja cha buluu. Siku ya sita! Mtungi hufunguliwa siku ya saba, ukaonjwa tone moja kwa ulimi kujua kama umeiva. Ukionjwa na asiyejua, akaacha upepo uingie, unakufa.

Na ukifa huo, basi. Sitan alipoletwa Segu kuolewa, miaka kumi na miwili nyuma, alikuja na machicha ya mtungi wa marehemu mama yake ndani ya kibuyu, njia nzima akiyanywesha maji ya majivu kama kichanga. Usiku yalikuwa yakilia. Kwa machicha hayo hutia rangi vitambaa vya kichwa, ishirini kwa mkupuo, maana mtungi hauchukui ishirini na kimoja. Pamba yake ya shambani haijapigwa dawa. Wadudu huwaokota kwa mkono, akiwaomba radhi mmoja mmoja. Alama za nyayo za kwale huzishona kwenye kitambaa kwa uzi kabla ya kuchovya. Akifumua, zinabaki nyeupe. Mwanamke mmoja alivaa kimoja gulioni, kwale tisa wakamfuata mpaka jikoni kwake.

Ishirini vilikuwa vimeshashonwa, vinangoja. Ila kilichomtekenya Sitan kuliko hasira ni hicho kidole. Mwizi angechota kata nzima. Huyu alitaka kujua nini?

Mume yuko safarini. Mbuzi hana kidole. Mama mkwe, Ba Sanaba, hupita pale kila siku kaziba pua, akisema nyumba inanuka kama miguu ya msafiri. Amebaki Nyele.

Akamvuta kitambaa. Nyele akaachama. Ulimi mwekundu, na juu yake nusu ya andazi la kunde.

"Haya, umeona!" Nyele alilia kwa aibu. "Sasa nenda ukawatangazie wote kwamba Diarra kweli anakula kunde!"

"Nitapiga ngoma mtaa mzima! Lakini Nyele, mwenzangu, kama si wewe, ni nani ba..."

Mlango wa ua ukagonga ukuta. Ba Sanaba aliingia na fimbo yake, pua haijazibwa.

"Mnapiga kelele karibu na mtungi? Mnataka uharibike, na kesho ndiyo siku yake? Uchungu umeshakolea vizuri, umebaki ule utamu wa nyuma."

Sitan na Nyele walikuwa wanautazama ulimi wake, wa buluu mpaka kooni.