Mlango wa Bara

Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mawe na chokaa kwa mafundi wa nyumba, Malindi. Nilibeba mawe mengi hata wake za watu wakanipa jina la punda, na punda mwenyewe akilisikia akiona haya. Mdogo wangu naye alikuwa hapo hapo, akichanganya chokaa. Yeye mtu wa kimya. Maneno yote ya nyumbani kwetu niliyachukua mimi, yeye akaachiwa salamu.

Mwaka ule kulikuwa na vita vya Mjarumani, na askari walikuwa wakipita mitaani kukusanya wanaume wa kwenda kubeba mizigo ya vita huko bara. Walikuwa hawaulizi una mke, una mama. Waliuliza kitu kimoja tu: una cheti cha Mzungu? Kama una kazi ya Mzungu, na karatasi yake unayo, unaachwa. Kama huna, kamba. Jirani yetu alichukuliwa na povu la sabuni usoni, hajamaliza kunyoa. Mama yetu akawa kila akisikia viatu nje anaficha bakuli za chakula, kana kwamba askari wanahesabu watu kwa bakuli.

Basi asubuhi moja akaja Mzungu pale tunapojenga. Mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, kofia yake ungeweza kumwogeshea mtoto ndani. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Mlango mukubwa, wewe najua?"

Mtu wa kujenga akiulizwa mlango atafikiri nini? Nikamwambia najua. Akauliza ukubwa gani. Nikamwelezea mlango wa tajiri mmoja wa mjini, nikauongeza kidogo: urefu watu wawili na nusu, unene shubiri, kuufungua lazima watu wanne na mmoja wa kupiga dua. Macho yakamtoka. Akauliza unatoka wapi. Nikamwambia mbao zake, lakini neno mbao nadhani hakulisikia, zinatoka bara, nyuma ya Kakuyuni, mwendo wa siku mbili. Hapo hapo akatoa kalamu, akatuandikia vyeti viwili, changu na cha mdogo wangu. Mimi nilidhani anajenga nyumba.

Siku ya pili ya safari, tumekaa kupumzika, akatoa mfukoni kipande kimoja cheupe cha jiwe, chembamba kama jani dogo, unaona upande wa pili kama kioo. Akakipasua kwa ukucha, kikawa viwili. Akavipasua tena, vikawa vinne. Akasema, "Mlango kama hii."

Ulanga! Yule bwana alikuwa akitafuta ulanga, si mlango, ule mwamba wa majani membamba unaowekwa kwenye dirisha la taa na majiko ya Ulaya kwa kuwa hauungui. Nikamtazama mdogo wangu, naye keshaelewa. Akaninong'oneza, "Kaka, mwambie." Nikapapasa cheti changu ndani ya kofia. Nikamjibu nitamwambia kesho. Kesho nikasema kesho.

Nikamzungusha porini siku nne kwa kujiamini kama mtu aliyezaliwa ndani ya mawe. Tukaangukia kilima cheusi, na kila jiwe ukilivunja linametameta. Nilimshukuru Mungu mpaka sauti ikakauka. Lakini majani ya ulanga ule yalikuwa meusi, na makubwa kuliko yote yalikuwa kama ukucha wa kidole gumba.

Yule bwana hakukasirika. Alipenda kufundisha, nasi tulikuwa wanafunzi wasioweza kukimbia. Alisema jiwe lile zamani lilikuwa uji wa moto, likapanda kutoka chini ya ardhi. Uji ukipoa polepole huko chini, majani hupata nafasi ya kukua. Ukipoa upesi karibu na juu, hubaki madogo. Na weusi ni chuma kilichoingia ndani yake. Tena ulanga wote, alisema, umepangwa kama chapati ya kusukuma, tabaka juu ya tabaka, na kati yake kinachoshika ni kidogo, ndiyo maana ukucha unatosha kuutenganisha. Akasema tuchimbe chini zaidi, huenda kule lilipoa taratibu.

Tukachimba wiki tatu. Mimi nilichimba kwa nguvu za watu kumi, na hili siongezi, muulizeni mgongo wangu. Mdogo wangu kila jioni akipanga vijani kwa ukubwa, akikosa raha. Mwisho tukapata kimoja kama kiganja, rangi ya kahawa nzito. Yule bwana akakifunga kwa kitambaa, tukarudi Malindi.

Akakipeleka kwa Banyani mmoja mwenye duka, ambaye jamaa zake kwao Bara Hindi wanauza ulanga tangu mababu. Sote tukasimama barazani. Banyani akakipima kwa kidole. Akaleta jiko la makaa, akaweka kile kijani chetu juu, na pembeni akaweka kijani chake cheupe. Cheupe kikakaa vile vile. Chetu kikaanza kufura. Kikavimba, kikajikunjua kama mnyoo, kikawa kirefu mara kumi, na hapo pia siongezi.

"Maji," akasema Banyani. "Maji imekaa katikati ya majani. Ikipata moto, inasukuma. Hii si ya taa, Bwana. Hii chapati."

Hapo ndipo nikasema. Nikamweleza yule bwana habari ya mlango na ulanga, mwanzo mpaka mwisho, nikitumai atacheka. Alicheka kweli, mpaka akakaa chini. Kisha akasema kazi imekwisha, anarudi Mombasa, na vyeti vyetu virudi. Anahitaji mtu mmoja tu wa kumfungia mizigo na kusafiri naye, na huyo atabaki na cheti. Tuamue wenyewe.

Nikamwambia mdogo wangu achukue. Uongo ulikuwa wangu, nani mwingine alipe? Akatikisa kichwa.

"Kaka, wewe ukienda vitani usirudi, nani atazungumza na mama? Mimi nitamwambia nini?"

Nikamlazimisha, nikamtia cheti mkononi. Akakirudisha ndani ya kofia yangu, akaitengeneza kofia ikae sawa kichwani, akatoka barazani. Askari walikuwa sokoni, wala hakujificha. Hakurudi. Hata mtu wa kutuambia alipolala hakurudi.

Siku ile mama akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia kapata kazi nzuri kwa yule Mzungu, anabeba birika la chai tu, si mbali, nyuma ya Kakuyuni.

Mama kwao ni Kakuyuni. Akaacha kupepeta mchele, akaniuliza, "Nyuma ya Kakuyuni, kwa kina nani?"

Nikatafuta jina la kusema, nisilipate.