Mwalimu wa Takataka

Laurentine Mushiya alizaliwa Kolwezi, mji wa machimbo wa Katanga, tarehe 9 Agosti 1961. Kasai, mkoa lilikotoka jina lake, hakuwahi kuishi hata siku moja. Hilo lijulikane mapema, kwa sababu mwezi Machi 1993 watu aliokua nao walikuwa wakiwaambia watu wa jina kama lake warudi kwao.

Habari zilimkuta Kitwe, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Alikwenda huko Septemba iliyotangulia. Machimbo ya Kolwezi yalikuwa yameporomoka, walimu hawalipwi, shule yake imefungwa. Shirika dogo la kanisa lilitafuta watu wa kujitolea kuwafundisha watoto wa shule za Kitwe namna ya kutumia tena vitu vilivyotupwa. Ujira ulikuwa chumba na chakula. Laurentine aliona afadhali afundishe bure kuliko akae bure.

Nyuma ya shule kulikuwa na jaa refu kuliko watoto. Kila asubuhi alichomoa kopo mle na kuliinua juu.

"Hili ni la nani?"

"Si la mtu!"

"Basi okota, ni lako. Kitu kikikosa mwenyewe ni takataka. Kikipata mwenyewe, kinakuwa kitu."

Kisha aliwaonyesha jinsi ya kutoboa kopo la rangi likawa mbabula, jiko la makaa, kama alivyofundishwa na baba yake, Tshimanga, fundi wa mabati. Watoto walimpa jina la Mwalimu wa Takataka, naye alilipenda.

Aliyemletea habari ni Kabemba, dereva wa lori kutoka Kolwezi, ambaye alimkuta sokoni.

"Mama mwalimu, uko nafundisha batoto ya benyewe huku, na tata yako eko nalala ku gare."

"Ku gare? Anaenda wapi?"

"Kasai. Bakasai bote banafukuzwa. Panda, nikupeleke."

Gare, yaani kituo cha treni cha Kolwezi, ilikuwa imejaa maelfu ya watu waliotolewa majumbani. Walilala chini ya maturubai yaliyochanika, mvua ikiwapiga, na kila asubuhi walizika. Tshimanga alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, anakohoa. Treni mbili zilikuwa zimeondoka naye anazitazama.

"Tata, sababu gani haukupanda?"

"Nipande na mikono mitupu? Makasi yangu ilibakia ku nyumba. Balisema chuma ni silaha."

Mzee huyo aliletwa Katanga mgongoni mwa mama yake. Mkewe amezikwa Kolwezi. Huko Kasai hakuwa na shamba, wala ndugu anayeijua sura yake. Kilichoweza kumlisha ni mkasi wa kukatia mabati, alioufua mwenyewe na kuuzungushia mpira wa tairi kwenye vishikio. Treni nyingine ilitazamiwa kesho yake. Laurentine alikisikiliza kile kikohozi, akajua kwamba baba yake akiikosa na hiyo, hatatoka kituoni akiwa hai.

Akaenda Manika, mtaa wao. Vijana waliokuwa wameweka kizuizi barabarani walimwacha apite. Waliopekuliwa ni waliotoka, si walioingia.

Nyumbani kwao alimkuta Kisimba, jirani wa ng'ambo ya barabara, ameketi kwenye kiti cha Tshimanga. Watoto wa Kisimba walioshwa katika beseni alilolitengeneza Tshimanga, na kusoma walijifunza kwa Laurentine. Kwa ajili ya mvua, mkewe Huguette alikuwa anapikia ndani, mlangoni mwa chumba cha kulala. Maji ya bukari, ugali wa huko, yalichemka juu ya mbabula kubwa ya mzee.

"Karibu, mama mwalimu," Kisimba alisema bila kuinuka.

"Unanikaribisha kwetu?"

Huguette alicheka puani. "Kwenu ni Kasai, mama."

"Nimekuya kutwala makasi ya tata. Makasi tu."

"Makasi gani?" Kisimba aliuliza. "Bitu yote ya hapa ilibakia bila mwenyewe. Mi njo niliokota."

Aliokota. Neno hilo Laurentine aliwaimbisha watoto wa Kitwe tangu Septemba. Hakuna siku aliyowaambia waulize kwanza mwenye kitu yuko wapi, na nani aliyemtoa.

"Tata hakutupa kitu. Ulisimama pale ku mulango, unaangalia banamusukuma."

"Mi sikumusukuma."

"Ulimuona!"

Kisimba alimgeukia mkewe. "Bakasai banajuaka kusema, ee?"

Laurentine aliiendea mbabula. Aliitua sufuria sakafuni, akakunja ncha ya kitenge mkononi, akainyanyua mbabula kwa mpini wake wa waya. Akaingia nayo chumbani na kuishikilia juu ya kitanda cha wazazi wake. Kaa moja lilidondoka, shuka likaanza kufuka moshi.

"Kama ni bitu bila mwenyewe," alisema, "hakuna mutu atalia ikiungua."

"Kisimba!" Huguette alipiga ukelele. "Mupatie makasi yake! Huyu mwanamuke atatuchoma!"

Kisimba alilizima kaa kwa kiganja, akainama, akauvuta mkasi kutoka uvunguni na kuutupa sakafuni.

"Shika. Ku barrière haitapita."

Alisema kweli, kizuizini mkasi ungenyang'anywa, na Laurentine alijua. Aliiweka mbabula chini, akayasogeza makaa kwa kijiti, akaulaza mkasi kati yake na kuufukia. Kisha akatoka nayo mvuani, mbele ya majirani waliosimama milangoni. Hakuna aliyemsalimu.

Kwenye kizuizi alikuwapo Jeancy, kijana ambaye Laurentine alimfundisha kusoma. Aliutikisa mfuko wa mwalimu wake, hakupata kitu. Mpira wa vishikio ulikuwa umeshika moto, moshi mweusi ukitoka kwenye mbabula.

"Unachoma nini, mama mwalimu?"

"Takataka. Ingiza mukono, uangalie."

Wenzake walicheka. Jeancy aliziba pua, akarudi nyuma.

"Mupite! Bilulu inahama na moto yake!"

Bilulu ni wadudu. Laurentine alimtazama usoni mpaka kijana akageuka, ndipo akapita.

Kituoni Tshimanga aliufukua mkasi, akausubiri upoe, akapitisha kidole ukingoni mwake.

"Umeharibu chuma," alisema. "Moto umeilegeza."

"Tata!"

"Nitaitengeneza. Funga godoro."

Treni ilifika kesho yake. Walipanda wote wawili, na watoto wa Kitwe hawakumwona tena mwalimu wao. Walishukia Mwene-Ditu, huko Kasai. Tshimanga aliupasha mkasi moto, akauzamisha kwenye maji mpaka ukawa mgumu tena, akaanza kukata madumu kando ya soko. Kisimba alibaki katika ile nyumba.