Barua Niliyoigonga Muhuri

Mimi ni karani wa ofisi ya mawakili, mwaka wa ishirini na sita huu. Barua ikiingia naigonga muhuri wa tarehe, naiandika daftarini, naipeleka mezani kwa bosi. Kila barua, hata ya mwenye nyumba. Ndiyo kazi, na jamani, mazoea yana tabu.

Miaka tisa iliyopita alikuja binti kujifunza uwakili kwetu. Tulimwita Chiriku, maana alikuwa haishi maneno, na kicheko chake kilifika mpaka jikoni. Mwezi wake wa tatu kwetu akanyamaza. Alikuwa akitoka chumbani kwa bosi akijiweka sawa nguo, nami nikijifanya nasoma. Asubuhi moja akanipa bahasha.

"Mama, humu nimeandika anachonifanyia bosi. Anasema nisipokubali hasaini cheti changu cha mafunzo, na bila cheti siapishwi kuwa wakili. Naomba ifike chama cha mawakili."

Nikaipokea. Nikaigonga muhuri, nikaiandika, nikaiweka mezani kwa bosi.

Kwa bosi yuleyule! Kabla ya saa sita Chiriku alikuwa nje na mkoba wake, cheti hana. Uwakili wake ukaishia hapo. Mlangoni alinitazama tu. Mpaka leo nikibaki peke yangu kwenye mafaili nasikia viatu vyake vinakuja, vinasimama nyuma ya kiti changu, na sithubutu kugeuka. Mume wangu ananitania eti nina pepo wa ofisini. Acha acheke, hajui.

Mwaka huu chama kikaagiza kila ofisi iwe na mtu wa kupokea malalamiko ya namna hiyo. Bosi akamchagua nani? Mimi! "Wewe mama huna maneno," akasema, akanipigapiga begani. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupita miezi miwili, binti mwingine wa mafunzo akaja na bahasha. Ni yaleyale, na cheti kilekile.

Safari hii muhuri sikuugusa. Nikaenda nayo mwenyewe kwa miguu hadi chama cha mawakili. Mama aliyenipokea akaisoma mara mbili.

"Atakana," akasema. "Neno la binti mmoja atalimeza. Yuko mwingine?"

Namba ya Chiriku nilikuwa nayo miaka yote, sijawahi kuipiga. Nikapiga palepale, nikajitaja, nikamweleza.

"Miaka tisa," akasema, "nimeamini mlikula njama, wewe na yeye."

"Wee! Haki ya Mungu, mwanangu, yalikuwa mazoea tu, barua zote huwa..."

Nikakwama. Maana siku ile nilisimama mlangoni kwa bosi na bahasha ile, nikasimama sana, nikaiwaza kazi yangu. Kisha nikaingia.

"Si mazoea," nikasema. "Niliogopa kufukuzwa. Nilijua ninachofanya."



"Basi liandike hilo, mama. Usaini. Ukisaini wewe, nami nakuja kusaini langu."

Nikaomba karatasi. Ilikuwa mistari minne tu, na ilinichukua saa nzima.