Mwalimu Barasa Alipopima Maji Yangu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimesimama mlangoni kwa mpangaji wangu hapa Kitengela, mikono mfukoni, namcheka mzee aliyenizidi umri mara mbili. Nakuambia habari hii mimi mwenyewe kwa sababu sasa nawe umeanza kujenga nyumba za kupangisha, na sitaki uisikie kwa watu.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Baba alikuwa ameniachia ploti, nikajenga vyumba vinane na kuchimba kisima. Siku zile ukiwa na maji yako Kitengela, wengine wakingojea boza, lile lori la maji, ulijiona mtu kweli kweli. Tena nilikuwa na kelele, usinione nimepoa hivi.

Mwalimu Barasa alikaa chumba cha kona. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Bungoma, mtu wa maneno machache. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo wa mapambo. Mimi nilikuwa sijaona mtu anafuga samaki asiyemla, basi kila nikipita namtania, "Mwalimu, hao bado hawajatosha sufuria?" Anacheka kidogo, anaendelea na kazi yake.

Jumamosi hiyo samaki walikuwa wanakufa. Wawili alishawatoa, waliobaki wamelala chini wakihema mbio mbio. Yeye alikuwa anatikisa kichupa chenye maji ya tangi na matone ya dawa ya kupimia, na maji yakageuka mekundu. Akanieleza pole pole kama niko darasani. Uchafu wa samaki na chakula kinachobaki huoza, na mwisho wake huacha kitu kinachoitwa naitreti ndani ya maji. Hakionekani wala hakinuki. Kikiwa kidogo kichupa hubaki manjano, kikizidi kinakuwa chekundu, na samaki hawakiwezi.

"Si unawalisha sana, mwalimu. Hao wamevimbiwa!" Nikacheka peke yangu.

Kumbe chakula alikuwa ameshapunguza, chembe tu mara moja kwa siku. Kila wiki alivuta uchafu kwenye changarawe kwa mpira wa maji, akatoa robo ya maji na kujaza mengine. Alikuwa hata ametumbukiza ndani ya tangi mizizi ya ua la kutambaa la sebuleni, kwa sababu mimea hula naitreti. Na bado. Kila akibadilisha maji, hali inazidi kuwa mbaya. Mwishowe akafanya jambo ambalo mimi nisingeliwaza. Alikinga maji moja kwa moja kwenye mfereji unaotoka kisimani, kabla hayajamwona samaki, akayapima. Yakawa mekundu pyu.

Mchana huo alinifuata nikiwa peke yangu kando ya gari ili asiniaibishe. "Kijana, niko na neno. Shida si samaki, ni kisima. Hii kitu hutoka kwa choo pia. Shimo la choo liko wapi?"

Nilijua liko wapi. Fundi aliniambia tulipeleke mwisho wa ploti, nikakataa kwa sababu huko nilitaka chumba cha nane. Tukalichimba hatua chache kutoka kisimani, tukalifunika, nikajifanya nimelisahau.

Basi nikapaza sauti, mwanangu, ploti nzima isikie. "Samaki wako wakikufa ni kisima yangu? Maji ikikushinda, nyumba ziko mingi Kitengela. Hama!"

Wanawake waliokuwa wanafua wakageuka. Mmoja wao alikuwa Nekesa, msichana aliyejifungua miezi miwili nyuma. Maziwa yake hayakutosha, kwa hiyo alimkorogea mtoto maziwa ya kopo kwa maji ya mferejini. Akauliza kwa woga, "Sasa landilodi, hii maji naeza pea mtoto?"

"Chemsha tu," nikamjibu.

"Hapana, mama," mwalimu akasema. "Hii haitoki kwa kuchemsha. Maji inapungua, hiyo naitreti inabaki. Mtoto mchanga inamharibia damu. Usimpe." Kisha akanigeukia, sauti ile ile ya chini. "Na wewe, kijana, kwako mnakunywa maji gani?"

Wote walikuwa wameona pikipiki ikiniletea mitungi ya maji ya kununua kila wiki, nyumbani kwangu mtaa huo huo. Kwangu nilisema kisima kina chumvi, kinaharibu chai. Wapangaji niliwaachia hayo hayo. Niliingia kwenye gari nikaondoka, uso unawaka.

Ungedhani nilirudi kesho yake nikarekebisha. Wapi! Wiki tatu nilinyamaza. Asubuhi moja nilimwona mwalimu anatoka duka la maji na jerikani, anachechemea kwa yale magoti yake mabovu, anaiacha mlangoni kwa Nekesa. Nilimwona kwa macho haya, nikageuza gari. Mwisho wa mwezi akahama, akaenda Kajiado mjini na tangi lake.

Siku aliyohama, Nekesa alinijia getini, mtoto mgongoni. "Asante sana, landilodi," akasema. "Mwalimu aliniambia ni wewe ulikuwa unatuma hiyo maji ya mtoto. Mungu akubariki."

Na mimi nikamwambia, "Karibu."

Woi, mwanangu. Nimefanya mengi ya kipumbavu maishani, lakini lile neno moja bado linanichoma. Nilikaa kwenye gari nikashindwa hata kuliwasha. Jioni hiyo hiyo niliwaita wapangaji nikawaambia ukweli wa shimo na kisima. Nikafunga mfereji, nikaagiza boza, na fundi akaanza kuchimba shimo jingine mbali. Siku chache baadaye nikaenda Kajiado kuomba msamaha.

Mzee wa Kimaasai aliyekuwa getini kwa mwalimu alinisalimia "Sopa" kwa furaha, nikaitikia "Epa" kama mgonjwa. Mwalimu alikuwa anabadilisha maji ya samaki. Alinipa mpira nishike, tukaendelea na kazi. Samaki waliobaki walikuwa wanaogelea vizuri. Nikamwambia yote niliyofanya. Nikamuuliza kwa nini alinisingizia wema kwa Nekesa.

"Nilikuachia nafasi useme mwenyewe," akasema. "Umemwambia?"

Nilikuwa nimewaambia watu wote habari za kisima. Ile ya jerikani sikuwa nimemwambia mtu.

"Basi umekuja kwa mtu asiyekudai kitu. Rudi Kitengela."

Nilirudi. Nilimkuta Nekesa anaanua nguo. Nikamwambia, "Ile maji haikuwa yangu. Mwalimu ndiye alikuwa anakubebea." Alinitazama, nguo mkononi. Hakunitukana. Alisema tu, "Na nikakushukuru." Akambeba mtoto, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukifuga samaki, usiwashibishe kupita kiasi, badilisha sehemu ya maji kila wiki, na kabla hujamlaumu mtu pima kwanza yale ya mferejini. Ukifuga watu, maana mpangaji umemweka mikononi mwako, usimnyweshe kitu ambacho mtoto wako humpi. Fundi akikuambia shimo liende mbali, lipeleke mbali, chumba kipungue. Na ukikosea, usingoje mwingine akubebee. Lakini la kwanza kabisa: mtu akikushukuru kwa jambo ambalo hukulifanya, mkatize hapo hapo kabla hajamaliza. Mimi nilichelewa siku chache tu, na mlango ule haukunifungukia tena mpaka Nekesa na mtoto walipohama.

Mungu akujalie nyumba zenye watu wenye afya na watoto wanaocheza. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akuepushe na shukrani isiyo yako. Nenda salama, mwanangu.