Baba Mkwe Alipokohoa Migombani

Kabla mtoto hajaja kwetu, watu wa kanisani waliniita mama tu, bila jina la mtoto kufuata. Mama, njoo utusaidie kumenya ndizi. Mama, sogea kidogo. Waliniheshimu, sikatai, lakini jina hilo lilinikaa kama koti la kuazima. Niliolewa msichana, nikakaa miaka mingi bila kushika mimba, nikanywa dawa ya kila mti unaoota kati ya Ikuti na Masoko, nikaombewa na kila aliyedai ana karama. Ndugu wa mume wangu walimtafutia mke wa pili, akakataa. Alisema Mungu hana haraka. Mimi nilikuwa na haraka, na Mungu nilimwambia hivyo hivyo.

Zilikuwa enzi za ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani Tukuyu, mitumba ilijaa sokoni, na kiwanda cha chai alichofanyia kazi ya ukarani mume wangu kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi. Watu wakapunguzwa, naye akiwamo, akarudi nyumbani kulima chai yetu na viazi. Hospitali nazo zilianza kudai malipo, na miaka hiyo hiyo ule ugonjwa ambao hatukuutaja jina ulikuwa unazika wazazi vijana. Ndivyo mtoto alivyobaki wodini. Mama yake alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na hakuna ndugu aliyetokea. Mke wa mchungaji wetu alimwona alipokwenda kuombea wagonjwa. Akaja kwetu moja kwa moja na matope yake miguuni, hata kukaa hakukaa, akasema, “Nadhani nimemwona mwanenu.”

Tulifunga, tukaomba, ndipo tukaenda. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo mno, amefungwa ndani ya blanketi la hospitali, na alinikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Muuguzi alituonya kwamba huenda asiishi. Mume wangu akamjibu kwamba hata sisi huenda tusiishi. Tukapewa kwa malezi ya muda, na siku ile kanisani wanawake waliimba mpaka mchungaji akaacha kuhubiri.

Ili awe wetu kisheria, afisa ustawi wa jamii wa wilaya alitakiwa kuja kutukagua nyumbani, zaidi ya mara moja, kisha aandike taarifa ya kupelekwa Mbeya. Hilo halikututisha. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo lakini nilikuwa nimeisiriba vizuri, choo kilikuwa na mlango, uwanja ulifagiliwa kabla jogoo hajamaliza kuwika. Mume wangu hakuwa mlevi. Tulidhani Mungu akishafungua mlango, afisa atapita tu.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo kutoka pwani, mnene kidogo, mwenye sauti ya upole na mabuti ya mvua yaliyompwaya. Ofisi yake haikuwa na mafuta ya gari, kwa hiyo alikuja siku aliyopata lifti ya lori la kubebea majani ya chai. Alikagua kitanda, ndoo za maji na jiko. Aliniuliza kama nimewahi kupigwa. Aliniuliza mtoto akiugua usiku nitafanyaje. Nilijibu yote, nikampa chai na ndizi za kuchemsha, naye akala kwa furaha. Mwishoni akauliza baba wa mume wangu anasemaje kuhusu mtoto huyu, maana shamba ni la ukoo. Nikasema amekubali. Akauliza kama nimemsikia kwa masikio yangu. Nikasema hapana, sijawahi kuzungumza naye.

Nililisema hilo kwa fahari. Kwetu, kusema hivyo ni sawa na kusema nimelelewa vizuri. Mkamwana hakai na baba mkwe, hamtazami, hamtaji jina. Akikutana naye njiani huacha njia akaingia migombani na kujiinamia mpaka mzee apite. Wapo Wakristo waliokuwa wameanza kuyaacha hayo, hasa wa mjini, lakini nyumbani kwetu yalishikwa, na si kwa chuki. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote ambazo mwanamke anaweza kumpa baba wa mume wake, na mzee huyo nilimpa kwa moyo mweupe, kwa kuwa hakuwahi hata mara moja kunisema kwa utasa wangu. Afisa alinitazama, akatikisa kichwa polepole, akaandika. Nami nikamwongezea chai.

Mzee alikuwa mjane, na macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na utando. Desturi haikumruhusu kuingia nyumbani mwetu, lakini mtoto alipokuja alishindwa kukaa kwake. Tukajiwekea utaratibu ambao hakuna aliyeupanga. Akija, alikohoa pale migomba inapoanza. Mimi nilitandika mkeka mlangoni, nikamweka mtoto juu yake, nikatokea mlango wa nyuma. Mzee alikaa kizingitini, akampakata, akamwimbia kwa sauti yake ya kukwaruza. Akitosheka alimrudisha mkekani, akakohoa tena, akaondoka. Nami nyuma ya nyumba nilikuwa nikisikiliza, nikijua mtoto wangu ana babu. Sikumbuki furaha nyingine iliyofanana na ile. Nilisimama kwenye majani yenye umande, miguu imelowa, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Siku afisa aliporudi hatukuwa na habari. Lori lilikuwa limepatikana, naye akalidandia. Mume wangu alikuwa amepeleka viazi Tukuyu. Mzee alikuwa amekohoa muda si mrefu, nami nilikuwa migombani. Nikasikia hodi. Nikachungulia kati ya majani, nikayaona yale mabuti yamesimama uwanjani.

Aliona alichokiona: mkeka mlangoni, mzee asiyeona vizuri ameshika mtoto wa kutambaa, jiko linawaka nyuma yake, mama hayupo. Akamwuliza mzee mama mwenye nyumba yuko wapi. Mzee hakujibu. Mkwe mwenye adabu hamzungumzii mkamwana wake mbele ya mgeni. Afisa akauliza tena, na mtoto, kwa kusikia sauti ngeni, akaanza kulia. Afisa akazunguka pembeni ya nyumba akaniita. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona jasho shingoni mwake. Kati yangu na yeye palikuwa na migomba michache, na mzee alikuwa pale pale kizingitini, uso wake umeelekea upande wangu.

Watu huniuliza kwa nini sikutoka. Anayeuliza hivyo hakuolewa kwetu. Kichwa kilisema toka, moyo ulisema toka, magoti yakanikunjika yenyewe, nikajikuta nimejiinamia chini na khanga usoni kama nilivyofundishwa kabla sijaota matiti. Nilimwomba Mungu amwondoe mzee. Mzee naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anaogopa kumweka mtoto anayelia chini na kumwachia mgeni. Kwa hiyo tulibaki hivyo, kila mmoja akimheshimu mwenzake, na mtoto akilia katikati yetu. Afisa alimchukua mikononi mwa mzee, akambembeleza mpaka akatulia. Lori likapiga honi barabarani. Akamrudisha kwa mzee, akaondoka akigeuka geuka nyuma. Nilipotoka migombani mkeka ulikuwa umelowa mkojo na mtoto alikuwa amelala.

Tuliitwa ofisini Tukuyu. Mume wangu alieleza desturi yote, tangu mwanzo, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kazi ya ofisi. Afisa alisikiliza. Sitamsingizia, alisikiliza. Hata alionekana kuumia. Kisha akanigeukia mimi.

“Mama, nimekuelewa,” akasema. “Lakini niambie kitu kimoja. Mtoto akitambaa akalifikia jiko, na mzee yuko mlangoni, wewe utafanya nini?”

Mume wangu alinitazama, akingoja niseme ningekimbilia mtoto. Nami nilikuwa nakumbuka magoti yangu. Nikanyamaza, na afisa akauona ule unyamavu wangu wote.

Nyumbani mume wangu alikwenda kwa baba yake, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Aliporudi alisema mzee ataka apelekwe ofisini. Nikadhani anakwenda kujieleza mwenyewe. Nikaambiwa nami niwepo.

Tukarudi Tukuyu. Mvua ilikuwa inanyesha ile yetu isiyojua kuchoka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi ofisini, mtoto mgongoni, mzee alipoingia ameshikwa mkono na mwanawe. Nilishtuka nikataka kuinuka. Alisikia mbao zikilia, akasema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, “Kaa, mwanangu.” Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu niolewe. Akapapasa benchi, akakaa kando yangu, bega kwa bega. Mzee akanigeuzia uso, akanitazama waziwazi kama baba anayemtazama binti yake, na macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Siku aliyojiruhusu kuniona, hakuweza kuniona.

Akamwambia afisa, mume wangu akitafsiri, kwamba kuanzia siku hiyo mimi si mkwe wake tena, ni binti yake, na binti hamkimbii baba. Moto ukiwaka, atakimbilia mtoto. Mwanamume wa rika lake kusema vile mbele ya wageni ni kujivua nguo. Nililia, na siwezi kusema kama ni kwa shukrani au kwa aibu. Afisa naye alifuta macho. Alisema ataongeza hayo katika taarifa yake, na tuzidi kuomba.

Tuliomba. Kanisa zima liliomba. Wanawake wa ukoo waliacha kunisaidia kuchuma chai, wakasema nimekaa na baba mkwe kama mtu na shoga yake, lakini sikuwajali. Mzee alianza kuingia ndani. Hakukohoa tena, aligonga fimbo, akakaa karibu na jiko, mtoto akamshika ndevu. Mume wangu alikuwa anachonga kitanda kidogo cha mbao. Nilikuwa na hakika kabisa, hakika ya mtu aliyekwisha kuambiwa ndiyo.

Gari lilikuja asubuhi ya ukungu. Gari la ofisi, limejaa mafuta. Ya kuja kutusikiliza yalikosekana, ya kuja kumchukua yakapatikana. Hakuwa yule mwanamke wa pwani. Alikuwa kijana mwanamume, alisema yule mama amepunguzwa kazini pamoja na wengine na amekwisha kurudi kwao. Jibu lilikuwa limetoka juu: mazingira ya nyumba hii hayamfai mtoto. Mume wangu akamwuliza kama waliyasoma yale yaliyoongezwa. Kijana hakujua kama kuna kilichoongezwa. Kwa sauti ya mtu anayetaka kututuliza, akasema mtoto atapata watu wazuri mbali na hapa. Nilimvalisha sweta la mitumba alilopewa na mke wa mchungaji. Kijana alimpokea vibaya, kichwa kikining'inia, nikamwonyesha namna ya kumshika. Ndilo la mwisho nililomfanyia.

Mchungaji alikuja jioni, akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikamwambia Mungu hakuja na dereva. Hakunikemea. Mimi bado ni muumini, nakwenda ibadani, naimba, lakini mambo fulani kati yangu na Mungu hatuyagusi, kama vile wanandoa wazee wanavyoishi na ugomvi wao.

Desturi ikishavunjwa hairudi kwa kutaka. Mzee aliendelea kuja. Tungemkwepa nani sasa, na kwa ajili ya nini? Aligonga fimbo, akaingia, akakaa pale pale karibu na jiko, mimi upande huu na yeye upande ule, watu wawili waliovuana heshima na kubaki mikono mitupu. Kisha siku moja akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

“Binti yangu,” akasema, “yule mtoto alifananaje? Mimi nilimsikia tu.”

Nikamweleza. Paji pana la uso, sikio moja limekunjika juu kidogo, jino la kwanza lililoota chini upande wa kushoto, namna alivyokunja pua kabla ya kulia. Alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, “Ndaga,” akaenda zake. Alipokuja tena akauliza hilo hilo, nami nikamweleza hilo hilo. Ikawa ndiyo kazi yetu. Akija nilimsimulia, na siku nyingine, kwa kumhurumia, niliongeza: kishimo shavuni, nywele laini za utosini. Aliyapokea yote.

Mzee alifariki akiwa na uso wa mtoto kichwani mwake, kamili, kama nilivyompa. Mimi ndiye niliyebaki bila. Nikifumba macho sasa naona kishimo cha shavuni wazi kabisa, na sijui tena kama alikuwa nacho.