Rangi ya Kwenda Ukweni

Injini ya gari lile iliwaka mwezi wa sita, uani kwangu Temeke, enzi za Mwingereza, na mie nikajua safari imewadia. Nikavuta kapu uvunguni, nikaanza kukunja nguo za mtoto. Mume wangu akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Unakwenda wapi? Halijapakwa rangi."

Alikuwa dereva wa mzungu mmoja wa serikalini. Mzungu aliliingiza gari lake mtaroni, akaona halifai tena, akamwachia. Likavutwa kwa kamba hadi kwetu, tukafungua ua wa makuti likapita, kisha tukafunga. Mwaka mzima nililizunguka kwenda msalani. Alinyoosha mabati, akafunga injini upya, akalipaka rangi ya chini, ile ya kijivu ya kuzuia kutu. Ndivyo lilivyokuwa siku lilipowaka: kijivu tupu, lakini linatembea.

Na mama yangu, kwetu Rufiji, alikuwa anapofuka. Shangazi alikuja na salamu zake: jicho moja limeshakwenda, la pili linaanza kufunga utando, niletee mjukuu nimwone uso. Mtoto wangu wa kwanza huyo, na mama hajamtia machoni.

"Siendi ukweni na gari lisilo na rangi," mume wangu akasema. "Mama mkwe aseme mwanawe kaolewa na nani?"

"Basi nipande lori."

"Mke wangu hapandi lori."

Ningefanyaje? Ningefika bila ruhusa, swali la kwanza la mama lingekuwa mumeo yuko wapi, na kabla sijakaa kitako ningerudishwa. Nikabaki. Lakini nilikasirika, nisiseme uongo.

Na rangi yenyewe haikupakwa. Kiangazi kile Temeke ilikuwa mchanga mtupu; akipita mbuzi nje, vumbi linaingia uani, na rangi ya mafuta ikinasa vumbi ikiwa mbichi ndiyo imeharibika. "Tungoje manyunyu ya kwanza yalaze vumbi," akasema. Nikamwambia mvua ikikolea njia ya kusini haipitiki. Akasema kati ya manyunyu na mvua kuna wiki nzima. Ana jibu la kila kitu, bwana yule.

Tukangoja. Nikakatazwa kufagia uani. Nikakatazwa kupika pale kwa sababu ya masizi, nikawa nabeba sufuria kwenda kwa jirani na mtoto mgongoni. Jioni akirudi kazini hata maji hanywi, anapitisha kiganja kwenye bodi. "Hapa pana bonde." Bonde lenyewe hulioni mpaka uinamishe shingo. Anachukua msasa na maji, anaanza upya. Mie nimekaa kizingitini, naliangalia lile gari zima lililoweza kutufikisha kwa mama kesho yake, nalichukia kwa moyo wangu wote.

Manyunyu yakaja mwezi wa kumi na moja. Akaomba ruhusa kazini. Nilimwaga maji uani mwenyewe, nikatundika kaniki mbichi pande zote zidake vumbi, yeye akapaka kwa brashi, kijani, mara mbili. Lilipendeza, siwezi kukataa. Siku tano likakauka, na mvua kweli ikatungoja.

Tulipofika, mama alisikia mngurumo akainuka kizingitini, mikono mbele. Nikamwekea mtoto kifuani. Akampapasa paji, pua, masikio, akarudia tena pua. Shangazi akaninong'oneza kwamba lile jicho la pili lilifunga mwezi wa tisa.

Kisha mama akaambiwa mkwe kaja na gari lake mwenyewe. Akaomba apelekwe. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha polepole, vilevile alivyokuwa akifanya mume wangu kila jioni.

"Laini," akasema. "Umejitahidi, baba. Umelipaka rangi gani?"

Mume wangu alikuwa amesimama mbali kidogo, kichwa chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe. Mama akangoja, mkono bado uko juu ya bati.

"Kijivu, mama," nikasema mie.

Mume wangu hakunisahihisha.