Wazee Walisukuma Gari Langu Bure

Gari langu jipya ni mtumba wa Japani, la petroli na umeme. Jumamosi nilipakia wazee watatu nyumbani kwangu, mtaani Donholm, tukapeleke mahari ya mwanangu. Tukichelewa, wakwe wangetufungia lango, na tayari tulikuwa tumechelewa.

Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa ziliwaka, lakini injini ilinyamaza.

“Mzee mwenzangu, umenunua mkokoteni?” akauliza mmoja wao, msemaji wetu kwa wakwe.

Nikawaomba washuke wasukume. Wakasukuma na suti zao, majirani wakitazama.

Mke wangu, aliyeketi kando yangu, akachungulia dashibodi. “Baba Njoroge, gari limewaka kitambo. Si muuzaji alikwambia likianza kwa umeme halingurumi?”

Aliniambia. Sikumsikiliza.

Nyuma yetu msemaji alikuwa bado anahesabu: “Moja, mbili, sukuma.”